Kazi Isiyoandikwa Haina Shahidi: Mwongozo wa Kuandaa Wasifukazi

Tangazo la kazi likitoka hapa Pwani, liwe la kaunti, la hoteli au la kampuni ya bandarini, maombi hufika kwa mamia na nafasi huwa za kuhesabika kwa vidole. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kuchambua maombi ya kazi kulikuwa sehemu ya majukumu yangu. Siku hizi vijana wa mtaani huniletea wasifukazi wao, au CV kama wengi wetu tunavyouita, niusome kabla hawajautuma.

Ninaloliona kila mara ni hili: wengi wa vijana wetu wamefanya kazi, ila hawajaziandika. Mtu amehesabu mizigo kwenye yadi miaka mitatu, amefundisha madrasa, amesimamia duka la babake, lakini karatasi yake inasema tu kwamba yeye ni "mwaminifu, mwenye bidii na anayejituma". Tumelelewa kwa staha, na kujisifu kwetu ni aibu. Tuna na methali yake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambapo mnunuzi analishika embe na kulinusa. Mwajiri hana nafasi hiyo. Anachokiona ni karatasi mbili tu, na jirani anayejua bidii yako hayupo ofisini kukusemea. Kueleza ulichofanya si kujisifu, ni kutoa ushahidi. Makala haya yote yamejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kwa nini ushindani ni mkali kwetu

Bandari na utalii ndiyo mihimili miwili ya ajira Pwani, na yote miwili imetikiswa. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Amri ya kupeleka makontena bara kwa reli ilipotolewa, kazi nyingi za malori, yadi na ofisi za forodha zikapungua Mombasa. Septemba 2022 serikali mpya ilitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo hapa, lakini si kila aliyepoteza kazi aliitwa tena.

Hoteli nazo huajiri kwa msimu. Mvua za masika zikianza, wafanyakazi wa mkataba hurudi nyumbani, na mwaka 2020 corona iliwarudisha hata wale wa kudumu. Ndiyo maana tangazo la nafasi mbili za mapokezi huvutia wahitimu wapya wa chuo pamoja na watu wenye uzoefu wa miaka kumi.

Kazi mpya zipo. Bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linaendelea kujengwa. Lakini kazi hizi zinakuja na masharti ya karatasi, na asiyejiandaa mapema atazisikia kwa wengine.

Anayesoma anatafuta nini

Msomaji wa kwanza wa maombi yako mara nyingi si meneja. Ni karani mwenye rundo mbele yake na orodha ya masharti mkononi: elimu, cheti, miaka ya kazi. Anapitia kila karatasi haraka akitafuta masharti hayo. Akiyaona, wasifukazi unaingia rundo la kwanza. Asipoyaona, hataendelea kuyatafuta hadi ukurasa wa nne.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ndio wenye kazi. Juu kabisa weka jina, nambari ya simu, baruapepe na mji unakoishi. Chini yake weka mistari mitatu au minne inayosema wewe ni nani kikazi: "Karani wa mizigo mwenye uzoefu wa miaka 3 katika yadi ya makontena. Ninajua kulinganisha shehena na hati za forodha na kuandika ripoti kwa Excel. Nina stashahada ya uchukuzi." Mistari hiyo inamjibu karani maswali yake matatu kwa mara moja.

Baada ya hapo fuata kazi, kuanzia ya karibuni ukirudi nyuma, kisha elimu na mafunzo, kisha ujuzi na lugha, halafu warejelewa. Ikiwa umetoka chuoni juzi na hujafanya kazi ndefu, tanguliza elimu na mafunzo ya vitendo uliyopitia.

Andika ulichofanya, si cheo tu

Hapa ndipo wasifukazi nyingi huanguka. Mtu anaandika "Karani, 2021 hadi 2023" na kuishia hapo. Kwa kila kazi, jiulize maswali matatu: Nilifanya nini hasa? Kwa kiasi gani? Nani anaweza kuthibitisha? Tazama mifano hii.

Badala ya "Karani wa yadi", andika: "Nilihesabu na kukagua mizigo ya makontena 15 hadi 20 kwa zamu, nikailinganisha na hati, na kuandika ripoti ya upungufu au uharibifu kabla ya lori kutoka langoni."

Badala ya "Mhudumu wa hoteli", andika: "Nilihudumia meza 8 kwa zamu, nikapokea malipo kwa pesa taslimu, kadi na M-Pesa, na kufunga hesabu za zamu kila usiku."

Badala ya "Fundi wa AC na friji", andika: "Nilifunga na kukarabati AC za nyumba na ofisi, wastani wa kazi 6 kwa wiki, na kumfundisha mwanagenzi mmoja."

Hakuna maneno makubwa hapo. Kuna kitendo, kiasi na mahali. Neno "mwaminifu" linaweza kuandikwa na yeyote, hata mwizi. Lakini "nilifunga hesabu za zamu kila usiku" linaonyesha kwamba mtu fulani alikuamini na pesa zake. Nambari ziwe za kweli na uweze kuzieleza ukiulizwa. Kama hukuweka hesabu, kadiria kwa uangalifu: watu wangapi, siku ngapi kwa wiki, vifaa gani ulivyotumia.

Kazi tunazozificha

Nikimuuliza kijana "umewahi kufanya kazi gani?", jibu la kwanza mara nyingi ni "sijafanya". Nikiendelea kumuuliza polepole, kazi zinaanza kutoka.

Kuna ualimu wa madrasa. Anayefundisha watoto 40 kila alasiri, akapanga masomo, akasahihisha na kuzungumza na wazazi, ana uzoefu wa kufundisha na kusimamia. Auandike, hasa akiomba kazi ya shule za chekechea, shirika la jamii au mapokezi.

Kuna duka la familia. Kuagiza bidhaa, kuweka daftari la wadeni, kuhesabu mali mwisho wa mwezi: hiyo ni kazi ya stoo na ya hesabu, hata kama mshahara wako ulikuwa chakula na nauli.

Kuna mapishi ya harusi. Anayepika biriani ya watu 300 na ikatoka kwa wakati anajua kupanga bajeti, kusimamia wasaidizi na kutunza usafi wa chakula. Jikoni za hoteli zinatafuta watu wa aina hiyo.

Kuna kazi za boti na kutembeza wageni. Taja usalama wa abiria, huduma ya kwanza kama umefunzwa, na ukubwa wa makundi uliyoyaongoza.

Kuna kazi fupi za serikali. Waliokuwa makarani wa sensa ya Agosti 2019 au wa uchaguzi wa Agosti 2022 walipewa mafunzo, walitumia vifaa vya kielektroniki na walikabidhiwa taarifa nyeti za wananchi. Siku chache, ndiyo, lakini ni kazi iliyo na barua.

Na kuna lugha. Kijana wa Malindi au Watamu anazungumza Kiitaliano, wa Diani anakisikia Kijerumani, wa Mji wa Kale anasoma Kiarabu, halafu anaandika "Kiingereza na Kiswahili" tu kama walivyoandika waombaji wote. Ziandike zote, na useme kiwango kwa ukweli: nazungumza vizuri, naelewa, au nasoma na kuandika. Ukidanganya hapa, utaumbuka ndani ya dakika moja ya mahojiano.

Geuza kazi kuwa ushahidi

Kibarua cha Pwani kina tatizo lake: unafanya kazi, unalipwa, unaondoka bila karatasi. Sheria inakusaidia zaidi ya unavyodhani. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapokwisha, isipokuwa kama kazi hiyo haikufika wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina lako, aina ya kazi na mahali ulipofanyia, siku uliyoanza na siku uliyomaliza. Si barua ya sifa. Mwajiri halazimishwi kukusifu. Lakini cheti cha utumishi ni haki yako.

Kiombe kwa adabu na kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na ukiombe kabla hujaondoka. Wanaofanya kazi hotelini kwa msimu wangekuwa nacho kila masika, baada ya miaka mitano wangekuwa na bahasha nene ya ushahidi.

Kwa mafundi, njia ya pili ni mtihani wa ufundi wa NITA. Una daraja tatu: la tatu ndilo la kuanzia na la kwanza ndilo la juu. Fundi seremala, wa umeme, wa magari au mshonaji aliyejifunza kwa mjomba wake anaweza kufanya mtihani huo bila kupitia chuo kirefu. Upo pia mpango wa serikali wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA. Uliza katika chuo cha kiufundi kilicho karibu nawe iwapo kinafanya tathmini hiyo kwa fani yako.

Njia ya tatu ni warejelewa. Weka watatu, na wawe watu waliokuona ukifanya kazi: msimamizi wa zamu, mwalimu wa chuo, mwenye duka uliyemfanyia kazi. Diwani wa wadi na mjomba mwenye cheo hawajui ulifika kazini saa ngapi. Waombe ruhusa kwanza na uwape nakala ya wasifukazi wako, ili simu ikipigwa wasishtuke na kuuliza "nani huyo?"

Lisome tangazo kwanza

Wasifukazi mmoja uliotumwa kila mahali hauitiki popote. Chukua tangazo na kalamu, upige mstari chini ya kila sharti. Kisha hakikisha kila sharti unalolitimiza linaonekana katika ukurasa wa kwanza, kwa maneno yale yale ya tangazo. Wakisema "uzoefu wa stoo", nawe andika "stoo". Usiandike "ghala" ukitumai wataelewa. Kama tangazo ni la Kiingereza, na mengi ni hivyo, wasifukazi na barua viwe vya Kiingereza. Mwombe mtu anayekijua vizuri akupitishie makosa.

Kazi za kaunti na za serikali zina utaratibu wake. Nambari ya nafasi iandikwe kama ilivyotajwa, fomu ijazwe yote, na maombi yafike kabla ya saa iliyowekwa. Ombi zuri lililochelewa siku moja halifunguliwi.

Kazi za melini zina mpangilio tofauti kabisa. Huko huanza vyeti: mafunzo ya msingi ya usalama baharini chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW, kitabu cha baharia, cheti cha afya, na muda uliokaa baharini kwa kila meli. Bila hivyo, maelezo mengine hayasomwi. Wanaotaka njia hiyo waanzie Bandari Maritime Academy na Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA, kabla ya kumsikiliza wakala yeyote.

Vitu vya kuondoa

Wasifukazi nyingi ninazoletewa zina dini, hali ya ndoa, idadi ya watoto, kabila na nambari ya kitambulisho. Kama tangazo halikuviomba, vitoe. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, jinsia, ulemavu na asili ya mtu. Usimpe msomaji sababu asiyopaswa kuitumia. Nambari ya kitambulisho ikizagaa mitandaoni huwa mali ya matapeli.

Toa pia picha, isipokuwa imeombwa, na ile sentensi ya kale ya kutafuta "kampuni yenye changamoto ambako nitakuza kipaji changu". Toa shule ya msingi kama tayari una cheti cha chuo. Uraibu wa "kusoma na kusafiri" hauna faida, lakini "kocha wa timu ya watoto wa mtaa tangu 2020" unayo, kwa sababu hicho ni kitendo.

Umbo na usafirishaji

Kurasa mbili zinatosha, na kwa aliyemaliza chuo juzi hata moja. Tumia herufi za kawaida, rangi nyeusi, na nafasi ya kupumua kati ya sehemu. Mapambo yanayouzwa kwenye saiba, yenye nyota za kuonyesha unajua Kiingereza kwa kiwango cha nyota nne, hayamwambii mwajiri kitu, na programu za kuchuja maombi wakati mwingine hushindwa kuyasoma.

Ihifadhi faili kwa mfumo wa PDF, uipe jina lako na jina la kazi, si "CV mpya ya mwisho 3". Baruapepe iwe na jina lako halisi. Ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili iache kwa marafiki. Usiiache nakala yako kwenye tarakilishi ya saiba, na usimwachie mhudumu wa pale akuandikie maneno. Yeye hutumia sampuli moja kwa wateja wote, ndiyo maana nimewahi kupokea maombi kumi na moja yenye utangulizi uleule, hata makosa yaleyale ya tahajia.

Gharama usizolazimika kulipa mapema

Vijana wengi hutumia pesa za mwisho kutafuta cheti cha tabia njema cha DCI, uthibitisho wa KRA, HELB, EACC na wa taasisi za mikopo, kabla hata ya kuitwa mahojiano. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalibadilisha hilo: mwajiri hapaswi kudai vyeti hivyo ila anapokusudia kukupa mkataba wa kazi. Usikope pesa kwa ajili ya karatasi ya kazi ambayo hujaitiwa.

Na yeyote anayekutaka utume pesa ili jina lako "liorodheshwe" ni mwizi, hata akiwa na nembo ya kaunti kwenye picha yake ya WhatsApp. Kwa kazi za Ghuba, hakikisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kuhusu uongo, na kuhusu kujuana

Soko likibana, kishawishi cha kuongeza chumvi hukua. Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulifichua vyeti bandia zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma. Waliokamatwa na vyeti hivyo hawapotezi kazi tu. Wengine hushtakiwa na kudaiwa mshahara wote waliolipwa. Alama D ya kidato cha nne iliyo ya kweli, pamoja na cheti cha NITA na miaka mitano ya kazi, inasimama. C+ ya kununua haisimami.

Najua jibu litakalonifikia: "Kazi za hapa ni kujuana tu." Sitabisha kwamba kujuana hakupo, nimekuona kukifanya kazi. Lakini hata anayekujua huhitaji karatasi ya kupeleka mezani. Nimeona watu wenye nia njema wakishindwa kumsaidia jamaa yao kwa sababu wasifukazi wake ulikuwa mtupu, na hakuna sahihi inayoweza kuujaza. Pia zipo nafasi, hasa kwenye hoteli za kimataifa, mashirika na kampuni za uchukuzi, ambapo rundo huchambuliwa kwa haki. Huko asiye na mjomba ana njia moja tu, nayo ni karatasi yake.

Pa kuanzia

Leo jioni chukua daftari, uandike kila kazi uliyoifanya tangu umalize shule, ya malipo na isiyo ya malipo, pamoja na mwaka, mahali na mtu aliyekuwa msimamizi wako. Kesho mpigie simu mmoja wao kuomba cheti cha utumishi au ruhusa ya kumweka kama mrejelewa. Baada ya hapo ndipo ufungue tarakilishi. Daftari hilo liendelee kujazwa hata ukishapata kazi, kwa maana mkataba wa msimu huisha, na tangazo linalofuata halitakusubiri ukumbuke.